Cheti cha Mkananina

Huko Ulaya, katika nyumba ambayo sijaiona wala sitaiona, kuna mmea wa kwetu uliokaushwa ukashonwa juu ya karatasi nene, na pembeni mwake pana cheti chenye mwandiko wangu. Cheti hicho ni cha uongo. Watu wa nyumbani kwangu wakinisikia nagomba peke yangu barazani hudhani uzee umeniingia vibaya, au nagomba na jirani kwa ajili ya mbuzi wake. Nagomba na cheti. Leo nataka kusema kilivyokuwa, maana aibu hii nimeifuga miaka mingi mno na sina wa kumwachia.

Ilikuwa kabla ya vita vya Wajerumani. Malindi ilikuwa imeingiwa na wazimu wa pamba. Mwenye kipande cha ardhi alilima pamba, na palipolimwa pamba palimea magugu. Basi akaja Mzungu mmoja mrefu, mwenye miwani, ambaye kazi yake ilikuwa hayo magugu. Si kuyang'oa ayatupe, la, ayang'oe ayaweke. Mji ulimcheka mpaka ukachoka. Wenye maduka wa Kihindi waliniuliza kama bwana wangu ana ng'ombe wa siri anaowalisha, nami nilinuna, kwa sababu nilikuwa karani wake na nilijiona mtu mkubwa.

Katika magugu yote alishika jamaa moja tu. Kwa Kilatini aliita solanum, na humo aliingiza mnavu tunaoupika, mtunguja usiolika, hata biringani za sokoni, ati wote ni ndugu. Tazama maua yao, alikuwa akiniambia, yana vidole vitano na katikati ya manjano. Nikitazama, kweli, vidole vitano. Tulikwenda naye Mambrui, tukaenda Takaungu, tukaenda mpaka vilima vya Rabai, kutafuta ndugu wa mtunguja.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Mmea hung'olewa na mizizi yake, na maua yake, na tunda lake likiwapo, ukalazwa kati ya karatasi za kunyonya maji, ukabanwa kwa mbao mbili na mikanda ya ngozi. Kila siku karatasi zibadilishwe, la sivyo huota ukungu. Hewa yetu ya pwani mwaijua. Kisha cheti. Bwana yule alikuwa mpole kwa kila kitu ila kwa vyeti. Mmea usio na cheti, alisema, ni chakula cha punda, na wenye cheti cha uongo ni mbaya kuliko huo, kwa kuwa utawadanganya watu ambao hawajazaliwa. Cheti kilitaka mahali, udongo, urefu, rangi ya ua kabla halijafifia, jina la mmea kwa wenyeji, matumizi yake, na mstari wa mwisho: jina limetolewa na mtu gani. Hakutaka mtu aandikwe kwa jina lake. Alitaka ijulikane ni mganga, au mchungaji, au mke wa fulani, au babaye karani, ili msomaji apime mwenyewe kama wa kuaminiwa.

Sasa nieleze yangu. Mimi nilizaliwa Takaungu, na mamangu alikuwa suria. Wa siku hizi hawalijui neno, nao wana bahati. Suria ni mjakazi aliyewekwa ndani na bwana wake. Aliletwa pwani akiwa mtoto, kutoka bara ya mbali, upande wa Nyasa, akalelewa nyumbani kwa baba akaizaa roho hii. Sheria yasema mtoto wa suria ni mtoto wa babake kama wengine, na baba hakunibagua, Mungu amrehemu. Alipokufa, ndugu zangu wa baba mmoja walimpa mamangu kijishamba Dabaso, karibu na hori la Mida, na mimi nikabaki mjini kwa shangazi nisome Kurani chuoni. Herufi za Kizungu nilifunzwa baadaye na karani mmoja wa forodha. Nilipopata akili zangu nikahamia Malindi, ambako hapana aliyenijua.

Huko nikajitengeneza upya. Nikasema mamangu alikuwa mwungwana wa Lamu, naye ni marehemu. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nachumbia katika nyumba nzuri, na nyumba nzuri huuliza kufu: babako nani, mamako nani, mamaye mamako nani. Mtu asiyelingana nao hapewi binti. Baba wa binti aliponiuliza habari za upande wa mama, nikainamisha kichwa nikasema, "Mungu amrehemu." Akaitikia amin. Mama yangu wakati huo alikuwa mzima wa afya, analima muhogo, mwendo wa asubuhi moja kutoka pale tulipoketi.

Miaka mitatu sikwenda kumtazama. Nilimpelekea kanga mara mbili kwa mkono wa mtu. Naandika haya na masikio yananiwaka moto.

Bwana alipotaja Dabaso nilijaribu kila hila. Nilisema kule ni mikoko mitupu, nilisema maji ni ya chumvi, nilisema watu wake hawajui lolote. Akasema ndiyo maana twende. Tulifika, tukauliza wenyeji ni nani ajuaye mimea, na wote, Wagiriama kwa waliokuwa watumwa, wakanyoosha mkono upande mmoja: kuna bibi kizee pale nyuma ya mkorosho, huyo ajua hata majani ya jehanamu. Nikamwambia bwana tuanze na wale wa ng'ambo ya hori. Alikuwa keshatangulia.

Alikuwa ameinama analima. Aliponyanyua kichwa aliniona mimi kabla ya Mzungu, akaachia jembe, na uso wake wote ukafunguka. Mikono ilikuwa tayari hewani. Nami nikawahi, nikasema kwa sauti ya mjini, "Hujambo, bibi?"

Mtoto hamwambii mamake hujambo bibi. Mtoto huja akainama, akasema shikamoo, akaupokea mkono wa mamake akaubusu. Mikono yake ilibaki hewani kidogo. Alinitazama kanzu yangu nyeupe, akatazama daftari, akatazama viatu, akamtazama Mzungu. Hakuna haja ya kumweleza mtu aliyekaa utumwani miaka ishirini maana ya sauti ile. Akapangusa udongo mikononi, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, bwana karani."

Siku hizi shikamoo ni ya kila mdogo kwa kila mkubwa, haina uzito. Zamani zile ilikuwa kwanza salamu ya mtumwa kwa bwana wake, na sisi sote wawili tulilijua hilo. Ningeweza kuanguka miguuni pake pale pale. Bwana wangu asingenifukuza, maskini ya Mungu. Labda angevua kofia. Lakini niliona yule baba wa binti, niliona harusi, nikaona Malindi nzima inacheka. Nikajibu, "Marahaba."

Bwana hakuona kitu. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya ua, kwenye kijimti cha miba kilichosimama chenyewe mchangani: maua ya zambarau, matunda madogo mekundu, miba iliyopinda. Ndugu wa mtunguja, lakini aina ambayo hatukuwa nayo. Furaha yake ilikuwa ya mtoto. Akataka niulize jina.

Nikauliza. Mama hakuutazama mmea. Alinitazama mimi, akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto aandike:

"Huyu twamwita mkananina."

Nina ni mama. Ndivyo tulivyosema nyumbani kwetu, na ndivyo nilivyomwita yeye nilipokuwa mdogo, nina, nina, kutwa. Na lugha yetu ina ujanja wake: mti huanza kwa m, na mtu huanza kwa m. Mchungwa, mlevi, mkunazi, mkana. Mkananina yaweza kuwa mti, na yaweza kuwa mtu aliyemkana mamake. Bwana alikuwa na Kiswahili kidogo, akashika kipande alichokijua. Akaniuliza, nina? Nina nini? Nikamwambia hakina maana, ni jina tu la watu wa huku.

Akataka kujua matumizi. Mama akajibu mwenyewe, bila kungoja niulize, na hili nalikumbuka neno kwa neno. "Hana kazi. Haliwi, hatibu, wala hafai kuzungushia ua. Akiwa mdogo ana maua, ukamwonea huruma ukamwacha. Akishakua ni miba."

Bwana alifurahi kupita kiasi, akaniambia niandike yote. Nikaandika. Mkananina, herufi kwa herufi. Nikafika mstari wa mwisho. Bwana akasema, andika huyu mama ni nani. Nikaandika: bibi kizee mmoja wa shamba, mjakazi wa zamani. Sikuambiwa niandike mjakazi. Hilo niliongeza mwenyewe, ili nisimame mbali zaidi. Tukaondoka, na mama akarudi kwenye jembe lake.

Siku nane nilibadilisha karatasi za mmea ule. Kila siku nifungue mikanda, nimnyanyue, nimlaze tena. Alikauka vizuri, hakuota hata kidoa. Mingine ya Rabai ilioza, huyu akakaa pale na miba yake na cheti chake, nami nikimsoma kila asubuhi kabla ya chai. Usingizi uliniruka. Siku ya Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nikatoka alfajiri nikaenda Dabaso kwa miguu, bila viatu, sijui ni kwa nini bila viatu.

Nilimkuta anamenya muhogo. Nilianguka, nikashika miguu yake hasa, nikalia mpaka kamasi. Hakunisukuma wala hakunipapasa. Alimaliza kumenya muhogo wake. Kisha akaniambia niache kumlowesha, ana kanga moja tu safi. Nikacheka katikati ya kilio, naye akacheka kidogo, nikadhani yamekwisha.

Nikamuuliza ule mmea waitwa nini hasa. "Mtunguja," akasema. "Mtunguja mdogo. Yule bwana aliuliza jina, nikamtajia la aliyekuwa mbele yangu."

Nikamwambia nitakibadilisha cheti. Hapo akaweka kisu chini. Akaniuliza zile karatasi zinakwenda wapi. Nikamwambia Ulaya, zitawekwa kabatini, zitakaa hata sisi sote tufe. Akauliza kama yeye yumo. Nikasema yumo. Akauliza nimemwandika nani. Nikaokota ganda la muhogo nikalikunja. Mama hakuwa mjinga. Hilo lilimtosha.

Akasema, "Mimi tangu niletwe pwani nimeandikwa mara mbili. Mara ya kwanza kwenye karatasi ya kuuzwa. Mara ya pili alipokufa babako, katika hesabu ya vitu vyake. Hii ni ya tatu. Badilisha ukitaka jina la mti, sijali. Lakini uandike aliyekwambia ni mamako."

Nikaapa. Niliapa kwa Mungu, kwa msahafu, kwa kaburi la baba. Akanipa muhogo na mboga ya mchunga, nikala nikarudi mjini mwepesi, naimba njiani.

Bwana alikuwa mezani, makasha wazi, anapanga karatasi. Meli ilikuwa imeshatajwa. Nikamwambia, bwana, kile cheti cha Dabaso. Akainua miwani akaniuliza kina nini. Kina kosa? Na jinsi alivyouliza, mtu mpole yule, kwa hofu kabisa, nikajua nikisema ndiyo itabidi niseme na la pili. Kwa nini ulidanganya? Yule mama ni nani wako? Na jioni atakuwa barazani kwa liwali, na kesho baba wa binti atakuwa amesikia. Nilisimama pale na kweli yote imejaa kinywani. Harusi ilikuwa imebaki mwezi.

Nikasema, "Hakina kosa. Nilitaka kujua kama mmea umekauka."

Umekauka vizuri sana, akasema, ni mzuri kuliko yote. Akanipa nyundo. Kasha lile nililipigilia misumari mimi mwenyewe, na nilipigilia kwa nguvu kupita ilivyotakiwa, mpaka ubao ukapasuka pembeni tukaufunga kwa kamba.

Ungedhani hapo ndipo mwisho wa ubaya wangu. La. Ijumaa ya pili nilikwenda tena, na mama aliniona kwa mbali, akaja mpaka njiani kunilaki, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Hakuniuliza hali. Aliniuliza, "Umeandika?"

"Nimeandika."

Akataka nimsomee. Sikuwa na karatasi, nikamsomea hewani, macho yangu kwenye mikorosho: jina la mti huu limetolewa na mama yangu mzazi, mkulima wa Dabaso. Akataka tena. Nikamsomea tena, safari hii nikaongeza, mwanamke mjuzi, mwungwana. Lilitoka kwa urahisi kabisa. Akaniuliza kama Wazungu wataweza kuyasoma yote hayo, nikasema wataweza. Akaingia ndani akakaa huko kitambo, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akanipikia kuku aliyekuwa akimtunza kwa mayai.

Basi akaanza kusema. Alimwambia jirani, jirani akamwambia mwingine, mpaka Dabaso yote ikajua: yule bibi ameandikwa Ulaya, mwanawe amemwandika kwa mkono wake, ati huyu ni mamangu. Watu walinipisha njia. Wazee wa Kigiriama waliniita waniamkie. Nami nikazoea, Mungu anisamehe, nikafika mahali nikitembea pale nikijihisi kweli ni mtoto mwema.

Nikaoa. Mke wangu nilimwambia siku za Ijumaa namwendea yaya aliyenilea, kizee hana mtu. Akanisifu kwa moyo wangu, akawa ananifungia vitumbua nimpelekee yaya. Mama alikuwa akivipenda, akisema mkamwana wake ajua kupika, na akiniuliza lini nitamleta. Nilikuwa na sababu kila Ijumaa. Mara mjamzito, mara mvua, mara ana homa. Mwishowe hakuuliza tena, akawa ananirudishia kikapu kimeoshwa, na ndani yake ameweka mayai au limau.

Aliishi miaka mingine minne. Habari ya kifo chake nililetewa nikiwa kwenye duka la Mhindi mmoja na Mgiriama aliyekuja mbio, nikamjibu mbele za watu kwamba nasikitika, yaya wangu amefariki, nitakwenda. Hata hapo.

Nilipofika walikuwa wamemwosha, wamemkafini, kaburi limechimbwa kando ya shamba lake. Walikuwa wananingoja. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia, Waislamu na wasio Waislamu, na niliposogea walifungua njia, na nikasikia wakinong'onezana: ndiye huyo, ndiye aliyemwandika mamake. Nikashuka kaburini kumpokea, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mtoto. Alikuwa mwepesi. Tukamlaza, tukaweka mbao, tukafukia.

Kisha mwalimu wa chuoni akaketi upande wa kichwani kusoma talakini, yale maneno ya kumkumbusha maiti imani yake. Wajua wanaozika Kiislamu kwamba maiti hapo haitwi kwa jina la babake. Huitwa kwa jina la mamake: ewe fulani, mwana wa mwanamke fulani. Mwalimu alilijua jina la mamangu, kila mtu alilijua. Akanigeukia mimi, taratibu, kwa heshima, maana mimi ndimi niliyekuwa msomi na ndimi niliyemwandika.

"Mamaye alikuwa akiitwa nani?"

Watu wote walinitazama. Mimi nilikuwa nimekwenda kutoka Rabai mpaka Mambrui na daftari mkononi, nikiuliza kila gugu jina lake, na jina lake la pili, na aliyelitaja ni nani. Ijumaa zote zile nilikaa na mamangu nikala kuku wake, na sikumuuliza siku hata moja huko Nyasa alikotoka alizaliwa na nani.

Nikasema sijui.

Mwalimu akangoja kidogo, labda alidhani nakumbuka. Kisha akasema hapana taabu, asiyejulikana mamaye huitwa mwana wa Hawa. Akafungua kitabu chake, akamwita hivyo.